Nia Mpya na Daftari la Deni

Maandiko ya kusoma: Warumi 12:1-2, Kumbukumbu la Torati 24:6-13, Luka 19:1-10, Filemoni yote (ni ukurasa mmoja tu, usiogope)



Somo hili nililifundisha Lodwar kwanza, kisha Jumapili iliyofuata nikalipeleka Kakuma. Ni kilomita kama 120 tu, lakini maswali niliyokutana nayo kule yalikuwa ya uzito mwingine kabisa. Kwa hiyo hapa naandika nikiwa na watu wa Kakuma mawazoni zaidi. Wewe wa Lodwar usikimbilie ukurasa wa matangazo bado. Kadi za ATM ambazo si za mwenye duka ziko kwa droo za Lodwar pia, na tutafika hapo.

Tuanze na Paulo. Kwa sura kumi na moja za Warumi amefundisha mambo mazito: dhambi ya kila mtu, neema, imani ya Abrahamu, habari ya Israeli. Akifika sura ya 12 anageuka kutuangalia usoni. Anasema, kwa ufupi na kwa maneno yangu: kwa sababu Mungu amewahurumia hivyo, leteni miili yenu kwake, msikubali dunia hii iwafinyange kwa umbo lake, bali mgeuzwe, nia zenu zikifanywa upya.

Angalia neno “mgeuzwe”. Paulo hasemi “jigeuzeni”. Kuna Mwingine anayefanya hiyo kazi, sisi tunajitoa ifanyike. Na katika Kigiriki, lugha aliyoandikia, hilo ni tendo linaloendelea, si la siku moja likaisha. Ni neno lile lile Marko analotumia Yesu alipogeuka sura mlimani (Marko 9:2), na Paulo mwenyewe analirudia katika 2 Wakorintho 3:18, akisema tunabadilishwa hatua kwa hatua tukimtazama Bwana. Kwa hiyo yule ndugu anayeshuhudia kila mwaka jinsi alivyookoka kwenye krusedi, tarehe na saa, lakini hana ushuhuda wowote wa baada ya siku ile, bado hajaisoma aya hii mpaka mwisho. Na yule anayekuja madhabahuni kila mwito unapotolewa, anaokoka upya kila Agosti, naye pia. Simcheki. Mara nyingi anatafuta kwa machozi kitu ambacho hatukumfundisha.

Sasa, nia ni nini? Wengi wetu tukisikia “nia” tunafikiria hisia: nimelia kwa ibada, nimesikia moto, basi nimefanywa upya. Hisia ni nzuri, mimi ni Mpentekoste, sitaki ibada ya kimya kama ya benki. Lakini nia ni mahali unapofanyia hesabu. Ni pale ndani unapoamua hii ni faida, hii ni hasara, huyu ni mtu, huyu ni mteja, huyu ni dhamana. Paulo anapenda sana lugha ya hesabu. Katika Warumi 6:11 anatuambia tujihesabu kuwa wafu kwa dhambi na hai kwa Mungu, na neno lile la “kuhesabu” ndilo wafanyabiashara wa siku zake walilotumia kwa vitabu vyao. Katika Warumi 4 pekee linatokea mara 11. Na ile hati ya deni iliyogongomelewa msalabani, Wakolosai 2:14, neno lake ni lile la karatasi ambayo mdaiwa aliandika kwa mkono wake kukubali kwamba anadaiwa. Karatasi kama hizo tunazo hapa. Zimejaa kwa madaftari ya maduka.

Ndiyo maana nasema, ukitaka kujua kama nia yangu imefanywa upya, usiniangalie nikiwa nimeinua mikono. Omba kuona daftari langu la deni.

Hapa inabidi nieleze tulikofika, kwa sababu gazeti hili linasomwa pia na watoto wetu walio chuo mbali.

Turkana ilifungwa na serikali ya kikoloni kwa miaka mingi. Mtu wa nje hakuingia bila kibali, na wamisionari walikuwa kati ya waliozuiwa. Njaa ya 1960 na 1961 ndiyo iliyofungua mlango. Africa Inland Mission waliingia, mapadri wa Kikatoliki waliingia, na walikuja na chakula, dawa, na baadaye visima na shule. Makanisa mengi ya Kipentekoste, likiwemo letu, yalifika nyuma yao sana. Bibi zetu wengi walisikia jina la Yesu na harufu ya unga mahali pamoja. Silaumu hata kidogo. Mtu mwenye njaa hulishwa kwanza, Yesu mwenyewe alifanya hivyo. Lakini katika Yohana 6:26 aliwageukia waliomfuata ng’ambo ya ziwa akawaambia wazi kwamba wamemtafuta kwa ajili ya mikate waliyoshiba. Aliwalisha, na bado aliwauliza.

Kakuma nayo ikafunguliwa 1992, wakati wale vijana wa Sudan waliotembea kwa miguu kutoka Ethiopia walipofika. Leo, ukijumlisha kambi na makazi ya Kalobeyei, kuna watu takriban laki tatu: Wasudani Kusini, Wasomali, Wakongomani, Warundi, Waethiopia na wengine, na sisi Waturkana pembeni na katikati yao. Kwa miaka mingi mgao ulikuwa chakula chenyewe: mahindi, maharagwe, mafuta. Kisha 2015 ikaja Bamba Chakula, sehemu ya mgao ikawa pesa kwa simu ya kununulia chakula katika maduka yaliyosajiliwa, na baadaye familia nyingi zikapokea pesa kwa akaunti ya benki na kadi. Lilikuwa jambo zuri. Mama aliweza kuchagua anunue mchele au unga. Duka zikaota kama uyoga. Shirika la IFC lilitoa utafiti 2018 likasema uchumi wa Kakuma ni wa shilingi bilioni 6 hivi kwa mwaka. Nilipousoma mara ya kwanza nilifurahi, kwa sababu mimi nimesomea biashara, na nilichoka kusikia watu wakiongea kuhusu Kakuma kana kwamba ni mikono iliyonyooshwa tu.

Lakini pesa huja mara moja kwa mwezi na njaa huja kila siku. Kwa hiyo watu walikopa. Mwenye duka, asitoroshewe deni lake, akasema: niachie kadi, na namba ya siri. Pesa ikiingia natoa mwenyewe, nakata deni langu, nakupa kinachobaki. Na kama hakibaki kitu, unaanza mwezi mpya ukikopa tena kwangu, kwa bei yangu, kwa sababu huwezi kwenda duka lingine. Kadi iko kwangu.

Hiyo si ya Kakuma peke yake. Hapa Lodwar na vijijini, wazee walioandikishwa HSNP au Inua Jamii wengine hawajashika kadi zao kwa muda mrefu. Kuna mwalimu ambaye kadi yake ya mshahara iko kwa mkopeshaji. Kila mtu anajua. Tunaliita “kusaidiana”.

Halafu 2025 ikafika. Fedha za misaada zikapungua duniani, WFP ikakata mgao mpaka chini ya theluthi ya kile mtu anachohitaji, na pesa za mwezi zikasimama. Kuanzia Agosti familia zikapangwa kwa makundi kulingana na uhitaji, na wapo walioangukia kundi lisilopata kitu. Mnayajua haya, wengine mmeyaandika kwa miili yenu. Kilichonigusa mimi kama mchungaji ni hiki: kadi zilikuwa bado kwa droo za maduka, lakini hakuna pesa iliyoingia. Mtu ameshikiliwa kwa kadi tupu. Na mwenye duka naye amekaa na rundo la plastiki, muuzaji wa jumla wa Kitale anampigia simu.

Kati ya hao wenye maduka kuna washirika wetu. Kati ya hao wenye kadi kuna washirika wetu. Wanaketi benchi moja.

Tufungue Torati. Kumbukumbu la Torati 24, kuanzia aya ya 6. Mungu anazungumza habari ya rehani, na ninataka uone kwamba hakatazi mkopo, wala hakatazi rehani. Mungu si mgeni wa biashara. Lakini anaweka mipaka mitatu. Usichukue jiwe la kusagia la mtu, hata lile la juu peke yake, kwa maana umechukua uhai wake. Ukienda kuchukua rehani, usiingie nyumbani mwake. Simama nje, yeye ndiye akuletee. Na kama ni maskini na amekuwekea vazi lake la kujifunikia, mrudishie jua likitua, alale nalo.

Jiwe la kusagia mnalijua. Mama zetu wa Turkana wamesagia mtama kwa jiwe juu ya jiwe tangu zamani. Ukichukua la juu, lile la chini limebaki mwamba tu. Hakuna unga usiku huo. Ndiyo sababu Mungu hakusema umechukua kifaa, alisema ni uhai. Sasa jiulize, kwa mkimbizi wa Kalobeyei, au kwa mzee wa Turkwel, jiwe la kusagia la leo ni lipi? Ni kadi. Hana lingine.

Ule mpaka wa pili, wa kusimama nje, huwa tunaupita haraka. Mungu anamlinda mdaiwa asidharauliwe mbele ya watoto wake. Deni halimpi mtu ruhusa ya kuingia kila chumba cha maisha ya mwenzake. Na namba ya siri, wapendwa, inaitwa ya siri. Ukiijua umeshaingia nyumbani.

Sasa Zakayo. Najua siku hizi ukitaja Zakayo hapa Kenya watu wanacheka, mawazo yanaenda kwa kodi na Nairobi. Turudi Yeriko tafadhali.

Luka hatuambii Yesu alihubiri nini nyumbani kwa Zakayo. Anatuambia Zakayo alisimama akatangaza mahesabu. Nusu ya mali kwa maskini. Na kama amemnyang’anya mtu kwa hila, atarudisha mara nne. Chukua kalamu. Tuseme alikuwa na 800,000. Nusu, 400,000, imeenda kwa maskini. Imebaki 400,000. Kama kila shilingi ya hila analipa shilingi nne, hiyo 400,000 inatosha kulipia hila ya 100,000 tu. Yaani kama zaidi ya sehemu moja ya nane ya utajiri wake ilitokana na kudanganya watu, Zakayo amemaliza siku bila kitu. Na alikuwa mkubwa wa watoza ushuru! Yeye mwenyewe alijua vitabu vyake. Mtu anayejua vitabu vyake akitoa ahadi kama hiyo, ujue kuna jambo limetokea pale anapofanyia hesabu. Na ni baada ya mahesabu hayo ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumba ile siku ile. Wokovu haukununuliwa kwa mahesabu, kwa maana Yesu alikuwa amejialika mwenyewe kabla Zakayo hajatoa senti. Lakini wokovu ulipoingia, ulienda moja kwa moja kwa sanduku la pesa.

Hiyo mara nne si namba aliyoiokota. Kutoka 22:1 inasema aliyeiba kondoo akamchinja au kumuuza, alipe kondoo wanne. Zakayo alijipima kwa sheria ya mwizi. Hakusema “ilikuwa utaratibu wa kazi”, hakusema “kila mtoza ushuru anafanya hivi”. Dunia ilikuwa imemfinyanga kwa umbo lake miaka mingi, na umbo hilo lilikuwa na jina zuri na ofisi. Kwetu linaitwa kusaidiana.

Nilipomaliza kufundisha hivi Kakuma, mama mmoja mwenye duka alinisubiri mlangoni.

“Pasta, wewe umesoma biashara. Niambie ukweli, nikirudisha hizi kadi nitakula nini?”

“Ziko ngapi, mama?”

“Arobaini na moja.”

“Na kati ya hizo, ngapi zimeingia pesa tangu mgao ukatwe?”

Alinyamaza akahesabu kwa vidole, kisha akasema hakumbuki hata moja.

Swali lake ni la haki na sitalijibu kwa kupiga haleluya. Mtu anayelisha watoto sita kwa duka la mabati hawezi kuambiwa “samehe tu” na mtu anayelipwa mshahara na kanisa. Nilikaa naye na daftari lake, na nitaandika hapa yale tuliyofanya, bila kutaja deni la mtu, kwa sababu wengine wenu mko hapo hapo.

Kwanza tulitenganisha kadi na deni. Ni vitu viwili. Kurudisha kadi si kufuta deni. Mdaiwa bado anadaiwa, na Warumi 13:8 bado imo kwa Biblia. Kinachorudishwa ni jiwe la kusagia.

Kisha tukalipanga daftari upya. Tuseme linasoma 200,000. Mwenye duka akiona 200,000 analala akijiona ana mali. Lakini mhasibu yeyote atakuambia deni lisiloweza kulipwa si mali, ni wino. Kwa hiyo tukapitia jina kwa jina. Huyu ana bodaboda, huyu analipwa posho na shirika, huyu mtoto wake yuko nje anamtumia pesa: hao wanaweza kulipa, wafuatwe kwa heshima na wapewe tarehe. Huyu anafua nguo na kuchota maji, analeta hamsini leo, mia wiki ijayo: huyo apokewe kwa hamsini yake, iandikwe, na asiongezewe bei kwa sababu anakopa. Na huyu mjane aliyeangukia kundi lisilopata mgao, ana watoto wanne na hana kazi. Deni lake ni 9,000. Nilimuuliza mama, “Unaamini ndani yako kwamba hizi 9,000 zitakuja?” Akasema hapana.

Hapo sasa. Kama umeshajua hazitakuja, hasara imeshatokea. Ilitokea siku mgao ulipokatwa. Kushika kadi hakurudishi hata senti. Kinachobaki ni kwamba wewe una mateka na yeye anapita nyuma ya duka lako asikutane na macho yako, na Jumapili anakaa upande ule mwingine. Unalipa kumweka kifungoni na hupati kitu. Hata bila Biblia hiyo ni biashara mbaya. Ukiwa na Biblia, Mathayo 18 inakuita kwa jina lingine, yule mtumwa aliyesamehewa mzigo usiohesabika akaenda kumkaba mwenzake koo kwa dinari mia.

Lakini nisiwadanganye. Kuna deni ambalo lingelipwa na ukilisamehe utaumia. Kuna mdaiwa atakayepokea kadi yake asubuhi na jioni ahamie duka la pili. Ndiyo, itatokea. Paulo alipotuambia tutoe miili yetu iwe dhabihu hakumaanisha dhabihu isiyogharimu mtu kitu.

Na wewe unayedaiwa, usitabasamu sana. Nia yako pia inafanywa upya. Kama ulipokea kitu kidogo kutoka kwa ndugu yako wa Marekani au Australia ukapita duka la mama kwa njia ya nyuma, hiyo pia ni hila. Nenda kamwone. Hata kama huna kitu, nenda kamwambie huna, mdomo kwa mdomo. Kuna wenye maduka wamefunga kabisa mwaka huu, na walifunga wakiwa wamelisha mtaa mzima kwa mkopo.

Tusome Filemoni sasa, nanyi mtaona kwa nini nilisema ni yote.

Onesimo ni mtumwa aliyeondoka kwa bwana wake. Alikutana na Paulo gerezani, akaokoka. Jina lake maana yake ni “mwenye kufaa”, na Paulo anacheza nalo: zamani hakukufaa, sasa anatufaa mimi na wewe. Watu wa Kakuma hamhitaji niwafafanulie maana ya kuondoka nyumbani usiku, wala ya kuwa mtu ambaye thamani yake iko kwa karatasi iliyo mkononi mwa mwingine. Paulo anamrudisha kwa Filemoni na barua, na katika aya ya 18 anatumia neno la kihasibu kabisa: kama anadaiwa chochote, kiandike kwangu. Aya ya 19 anachukua kalamu mwenyewe na kuahidi atalipa. Anaweka sahihi, kama dhamini wa benki.

Sasa angalia aya ya 2. Kanisa lilikuwa likikutana wapi? Nyumbani kwa Filemoni! Mwenye kudai ndiye aliyelipa kanisa mahali pa kukaa. Paulo angeweza kunyamaza. Angeweza kusema, tusimuudhi huyu ndugu, tutapoteza ukumbi. Badala yake anamwandikia barua, tena si ya siri, anaiandikia na kanisa lililo nyumbani mwake.

Nalisema hili kwa kuwa nalijua linagusa paa letu. Wanaotoa zaidi katika tawi letu la Kakuma ni wenye maduka. Mabati tuliyo nayo yalitoka kwao kwa sehemu kubwa, na ninamshukuru Mungu kwa ajili yao. Lakini Mathayo 5:23-24 Yesu anasema sadaka isubiri mbele ya madhabahu mpaka mtu apatane na nduguye. Tumekubaliana na wazee wa kanisa, baada ya mazungumzo marefu na ambayo hayakuwa matamu yote, kwamba hatutapokea sadaka ya ujenzi kutoka kwa mshirika anayeshika kadi ya mshirika mwenzake. Upande wa mashariki wa jengo utabaki na turubai kwa muda. Mvua ikija Tarach itajaa na sisi tutalowa kidogo.

Ndugu mmoja mzee wa Lodwar alinipinga kwa jambo moja, na nafikiri ana hoja. Alisema: “Pasta, unafundisha kana kwamba haya mambo ya huruma yalikuja na Biblia. Sisi ukame ukimaliza mbuzi wa mtu, anaenda kwa rafiki zake wa mifugo, huyu anampa mbuzi wawili, yule ngamia. Hakuna daftari. Siku yangu ikifika naenda kwake.” Ni kweli. Waturkana wamevuka ukame mwingi kwa njia hiyo, na kama tungengoja kila mtu alipe kwa tarehe, mifugo haingekuwepo leo. Warumi 2:14-15 inasema Mungu ameandika mambo yake kwa mioyo hata ya watu ambao hawakupewa torati. Kwa hiyo kufanywa upya hakumaanishi kutupa kila kitu cha baba zetu na kuvaa kila kitu cha mjini. Wakati mwingine ni mji uliotufinyanga vibaya. Daftari ni la mjini, na kadi vilevile, hata kumdai mjane. Ila nilimuuliza mzee: rafiki huyo wa mifugo, alikuwa Mdinka? Alikuwa Mrundi? Akacheka, akasema hapana, huyo hakuwa kwa hesabu. Basi hapo ndipo Kristo anapoipeleka huruma ya baba zetu mahali ambapo haikuwa imefika. Wakolosai 3:10-11 Paulo anataja utu mpya, na pumzi ile ile anataja Myunani na Myahudi, mshenzi, mtumwa, mtu huru. Utu mpya unaonekana mahali ambapo mpaka wa “watu wetu” ulikuwa.

Ushirika wa nyumbani wa juma hili utasoma Nehemia 5 yote. Hapo utakuta watu waliojenga ukuta wa Mungu mchana na kuweka rehani mashamba na watoto wa wenzao usiku, na Nehemia anawaambia warudishe siku hiyo hiyo. Viongozi wa vikundi, msijadili ukuta kwa dakika arobaini kisha mkimbize hiyo aya ya 11. Anzeni nayo.

Kanamkemer tunakutana Jumatano saa kumi na moja, Kakuma ni Alhamisi baada ya joto kupungua. Mwenye duka aje na daftari, nami nitakuja na kikokotoo. Majina hayatasomwa mbele ya watu. Kadi usizilete kwangu wala kwa mhazini, si zetu. Mpelekee mwenyewe, na ukifika kwake simama nje. Mama yule wa arobaini na moja ameniambia amefika ya kumi na saba. Nne hajapata wenyewe, wamehama Kalobeyei au wamevuka kurudi Sudan Kusini, na anauliza kama kuna anayewajua. Mwenye habari amwone baada ya ibada, duka lake mnalijua.